Sianidi inaua huku damu imejaa oksijeni. Sasa kazi ya oksijeni hasa ni ipi?

Kijana wa Marudio ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni kibarua kwenye sehemu ya kuchenjulia dhahabu huku Kanda ya Ziwa, zile za matangi makubwa ya kulowekea mchanga, tunayaita VAT. Kazi yangu ni kupakia marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, kwenye tangi, kupima pH (namba ikishuka maji yana asidi zaidi), kumwaga chokaa ikishuka, na kuangalia maji ya dawa yanavyopita kwenye kaboni inayonasa dhahabu. Dawa ndiyo hiyo sianidi. Shule niliishia kidato cha nne, Biolojia nilipata D, kwa hiyo msinicheke.

Wiki tatu zilizopita bomba la kwenye bwawa la maji ya dawa lilipasuka usiku. Asubuhi mbuzi wa jirani wakapita pale wakanywa. Tulikuta wanne. Wawili walishakufa, wa tatu anatupa miguu, wa nne kalala ubavu anahema haraka haraka kama katoka kukimbizwa na fisi. Huyo anayehema nilimshika nikamfunua mdomo. Nilitegemea ufizi uwe wa bluu au mweusi, maana alionekana kabisa anakosa hewa. Ulikuwa mwekundu, tena wekundu wa afya.

Bwana mifugo alipofika alimchoma sindano shingoni, akavuta damu, akainua bomba la sindano juani tukaona wote. Akasema hiyo ni damu ya vena, inayorudi moyoni, ilitakiwa iwe na weusi weusi. Ilikuwa nyekundu kama rangi ya kucha. Akatuambia oksijeni imejaa tele humo, ila mwili umeshindwa kuitumia. Hata hajamaliza kueleza mbuzi akakata roho. Tulichimba shimo refu tukawafukia wote na chokaa juu, na mzee mmoja aliyekuwa ameshaleta kisu na sufuria akaondoka amenuna. Mwenye mbuzi kalipwa kwa mbinde, hiyo ni habari nyingine, siitaki leo.

Swali langu ni hili. Kwenye semina ya usalama tuliambiwa "sianidi inazuia oksijeni", basi, haya twendeni kazini. Mimi nilikuwa najua oksijeni ni ya kupumua. Sasa kama imeshapumuliwa, imeshaingia kwenye damu, imezunguka mwili mzima, bado kuna kazi gani imebaki? Na kwa nini mtu anaweza kukaa wiki na zaidi bila kula, lakini hii kitu ikizuiwa ni dakika tu? Mwenye kujua anieleze kwa lugha ya kibarua.

Mchumi wa Nyegezi amejibu:

Mkuu mbona rahisi. Oksijeni ndiyo petroli ya mwili. Ukifunga koki ya petroli bodaboda inazima hata kama tangi limejaa. Sianidi imefunga koki. Tuendelee na mambo ya dhahabu, bei ya gramu huko ikoje?

Bi Mwalimu Mstaafu amejibu:

Kijana wa Marudio, nimefundisha Kemia na Biolojia miaka 31 hadi nikastaafu, na hilo swali lako la "bado kuna kazi gani imebaki" halikuwahi kutoka kwa mwanafunzi wangu hata mmoja. Wote walikuwa wakifika kwenye mapafu wanafunga daftari. Hiyo D yako ingesahihishwa upya.

Mchumi, mwanangu, petroli hapana. Petroli ya mwili ni ugali na dagaa. Oksijeni usiiweke mwanzo wa safari kwenye tangi la mafuta, iweke mwisho kabisa, pale mzigo unapopokelewa.

Bila shaka umewahi kufanya kibarua cha kumwaga zege la ghorofa. Vijana wanapanga mstari kuanzia kwenye mashine ya kuchanganyia, wanapanda na ngazi ya mirunda, hadi juu kwenye slabu. Karai linapita mkono kwa mkono. Juu kabisa yupo mmoja ambaye kazi yake ni kupokea, kumwaga na kurusha karai tupu chini. Huyo hachanganyi, hanunui saruji, wala hatoki jasho kuwazidi wenzake. Sasa aondoke akajisaidie bila kuaga. Wa chini yake anabaki na karai mkononi hana pa kulipeleka. Wa chini ya huyo naye hivyo hivyo, mpaka kwenye mashine. Makarai tupu hayarudi, kwa hiyo hata anayepakia hana cha kupakilia. Saruji ipo, mchanga upo, maji yapo, watu wapo, na kazi imesimama. Oksijeni ni yule wa juu.

Kinachopita kwenye mstari huo ndani ya seli ni elektroni, vile vichembe vidogo mno vyenye chaji hasi. Ugali unafika kwenye seli ukiwa umeshakuwa glukosi. Hatua ya kwanza inafanyika kwenye ute wa seli: glukosi yenye kaboni sita inakatwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu, na seli inajipatia ATP mbili. ATP ndiyo pesa taslimu ya seli, kila kazi inalipwa kwa hiyo, kuanzia kukunja msuli hadi kuwaza. Hapo oksijeni bado haijaguswa. Kisha vile vipande vinaingia kwenye mitokondria, vinyumba vidogo vilivyomo ndani ya seli, na huko vinanyonyolewa elektroni kama kuku anavyonyonyolewa manyoya. Kaboni iliyobaki inatupwa nje ikiwa kabonidayoksaidi. Elektroni zinapakiwa kwenye vibebeo. Kibebeo kikuu kinaitwa NAD, kinatengenezwa kutokana na vitamini B3, na ndicho karai letu. Ni vichache. Vikijaa lazima vimwagwe ndipo virudi kupakia tena.

Vinamwagwa kwenye mstari wa protini zilizopangana kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Ya kwanza inapokea elektroni, inampa ya pili, ya pili ya tatu, hadi ya mwisho, ambayo inazikabidhi kwa oksijeni. Molekuli moja ya oksijeni inapokea elektroni nne, inaokota na protoni nne, yaani haidrojeni zilizopoteza elektroni zake, inageuka kuwa molekuli mbili za maji. Kazi imekwisha. Ndiyo hiyo tu, na ndiyo maana unapumua.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kuna kosa nimelikata kwa kalamu nyekundu miaka yote 31. Watoto wanaandika: "Oksijeni tunayovuta hugeuka kabonidayoksaidi tunayotoa." Sivyo! Oksijeni unayovuta inageuka MAJI. Ile iliyomo kwenye kabonidayoksaidi unayopuliza nje ilitoka kwenye chakula na kwenye maji yaliyomo mwilini. Kwa siku mtu mzima anajitengenezea maji ya namna hiyo kiasi cha chupa ya soda, kama mililita 300 hivi, bila kugusa kikombe.

Nirudi kwenye zege. Mfano wangu una kasoro moja. Karai linapanda, elektroni inashuka. Inatoka kwenye chakula ikiwa na nishati nyingi, na kila inapokabidhiwa kwa mwingine inateremka ngazi moja. Ule mteremko ndio unaofanya kazi: kwenye baadhi ya ngazi kuna pampu inayosukuma protoni kwenda upande wa pili wa utando. Protoni zinarundikana upande huo, zinataka kurudi, na njia iliyo wazi kwao ni mlango mmoja ambao ndani yake kuna mtambo unaozunguka. Ni Mtera na Kidatu hizo: maji yamezuiwa juu, yanashuka kupitia mtambo, umeme unatoka. Mtambo wa kwenye mitokondria unazunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde, na kila mzunguko unatoa ATP tatu. Glukosi ile ile iliyotoa ATP mbili kule kwenye ute, ikifikishwa hadi mwisho inatoa kama 30.

Sasa sianidi. Ile protini ya mwisho, inayokabidhi kwa oksijeni, ina chuma ndani yake, na oksijeni ikifika inakaa kwenye chuma hicho. Sianidi inawahi kile kiti. Oksijeni imefika salama, imeletwa hadi mlangoni, na kiti kimekaliwa. Elektroni zinakwama, vibebeo vinabaki vimejaa, pampu zinasimama, mtambo unasimama. Damu inapita kwenye nyama ya mbuzi na mzigo wake wa oksijeni, haikuti mpokeaji, inarudi nao moyoni ulivyo. Damu yenye oksijeni ni nyekundu. Bwana mifugo wako aliwaonyesha mzigo uliorudishwa.

Kuhusu dakika. Chakula mwili unakihifadhi: mafuta chini ya ngozi ni ghala la wiki kadhaa. Oksijeni haina ghala. Iliyomo kwenye mapafu na damu ya mtu mzima ni kama lita moja na nusu, na akiwa amekaa tu anatumia kama robo lita kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe. ATP nayo haiwekwi akiba: iliyomo mwilini kwa wakati mmoja haifiki robo kilo, inatumika, inachajiwa upya, inatumika tena, hivyo hivyo mpaka kwa siku moja jumla yake inakaribia uzito wako. Na ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, unachukua karibu sehemu ya tano ya oksijeni yote. Ndiyo maana wa kwanza kuanguka ni huo.

PCB Mpaka Mwisho amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Asante sana, ila umenichanganya. Kitabu chetu kinasema ATP 38, mwalimu wetu anasema 36, wewe unasema kama 30. Mtihani ni mwezi wa tano. Niandike ngapi?

Bi Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba. Andika ya mwalimu wako, halafu ujue hii: 38 ilipatikana zamani kwa kudhani kila NAD iliyojaa inaleta ATP tatu kamili. Walipokuja kupima vizuri wakakuta ni kama mbili na nusu, kwa sababu protoni nyingine zinatumika kusafirisha mizigo kuvuka utando. Ukirudia hesabu kwa namba hizo unapata 30 au 32, kutegemea elektroni za kule kwenye ute zimeingia ndani kwa mlango upi. Mitambo haina wajibu wa kutupa namba nzima nzima.

Nesi wa Zamu amejibu:

Naomba niongezee upande wa wodini, maana hili la damu nyekundu linadanganya hata watu waliosoma. Yule mgonjwa ukimbana kidoleni kile kidude cha kupimia oksijeni kinaweza kukuonyesha 98, 99. Unapumua kwa raha, unasema huyu hewa anayo. Kidude kinapima kama himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, imebeba mzigo. Hakipimi kama mzigo umepokelewa. Mimi sasa nikimwona mtu kachanganyikiwa, anahema mno, kidude kinasoma vizuri, na ametoka kwenye uchenjuaji, sikiamini.

Kuhema kwa mbuzi nako kuna maelezo. Shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, kuna vinundu vidogo vinavyonusa kama oksijeni inatosha. Sianidi inavizuia navyo visiitumie, kwa hiyo vinapiga kelele kwenye ubongo: hewa hakuna, vuta, vuta! Juu ya hapo seli zimerudi kwenye ile njia ya ATP mbili, ambayo inazalisha asidi ya laktiki. Damu inachachuka, na mwili ukiona asidi unahema zaidi. Masikini anavuta hewa ambayo wala si shida yake.

Dawa zipo. Moja ina kobalti ndani yake, inaitwa hidroksokobalamini, ndugu wa vitamini B12. Sianidi inaipenda kobalti, inaachia chuma, inakwenda kukaa huko, na kinachotokea ni vitamini B12 yenyewe inayotolewa kwa mkojo. Mkojo unakuwa mwekundu, ndugu wanapiga mayowe. Nyingine, thayosalfeti, inaleta salfa, na ini linaitumia kuibadilisha sianidi kuwa kitu kisicho kikali sana. Nimeshafanya kazi mahali ambapo uchenjuaji umetuzunguka pande zote na kabatini hakuna hata moja. Siwataji.

Kijana, mwenzako akianguka karibu na tangi usikimbilie kuinama. Pigeni kelele, mwenye vifaa vya kujikinga ndiye amtoe hadi kwenye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi, na pumzi ya mdomo kwa mdomo hapana.

Mama Udaga amejibu:

Wanangu, mimi ni wa Mara, sikusoma hayo ya elektroni, lakini sianidi tunaijua bila kuiita hivyo. Si ndiyo ile ya muhogo mchungu? Mama yangu alikuwa akiumenya, anauloweka siku nne mpaka ulainike, anauanika, ndipo unakuwa udaga wa kusaga. Mwaka 1985 wakati wa ukame, huko Tarime watu walikuwa na njaa, muhogo ndio uliobaki shambani, nani atasubiri siku nne? Wakawa wanafupisha. Kuna watoto na kina mama waliamka asubuhi miguu imekakamaa, hawanyanyuki, na haikurudi tena. Mpaka leo nikiona mtu anauharakisha muhogo naondoka hapo. Ni kitu kimoja na hiyo ya mbuzi?

Bi Mwalimu Mstaafu amejibu:

Sumu ni moja, mama yangu, safari ni mbili. Muhogo mchungu haubebi sianidi ikiwa huru. Unaibeba imefungwa kwenye sukari, na kimeng'enya cha kuifungulia kimewekwa chumba kingine cha seli. Ukiukata, ukiutwanga au ukilowa ukalainika, vinakutana, sianidi inafunguka, inayeyukia kwenye maji na kupotea hewani. Siku nne za mama yako zilikuwa siku za kuifukuza. Mtu akila muhogo mchungu mbichi mwingi kwa mkupuo, hiyo ni ya mbuzi: chuma kinakaliwa, anaanguka. Hiyo ya miguu inaitwa konzo, jina la Kiyaka kutoka Kongo, ambako iliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938. Inampata anayekula kidogo kidogo wiki nyingi, huku hana samaki, hana maharage wala nyama. Nesi ametaja salfa: ini linaitoa salfa hiyo kwenye protini tunazokula. Penye njaa ya muhogo mtupu, ini halina cha kupigania.

Kijana wa Marudio amejibu:

Mwalimu shikamoo. Nesi, Mama, asanteni. Nimesoma jibu la Mwalimu mara tatu, mara ya tatu nikiwa juu ya tangi saa nane usiku kwa tochi ya simu. La karai limeingia, maana mimi ndiye niliyewahi kuondoka juu ya slabu bila kuaga, nilitukanwa mpaka leo nasikia aibu. Nina swali dogo. Hayo ya kukabidhiana elektroni, na huo mtambo unaozunguka, kuna mtu aliyaona kwa macho? Au ni stori za vitabuni?

Bi Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba, na tochi ya simu usiitegemee juu ya tangi la dawa.

Waliona. Mwaka 1925 kule Cambridge, Uingereza, mtu anaitwa David Keilin, aliyekuwa akichunguza wadudu, alitazama misuli ya mbawa zao kwa chombo kinachotawanya mwanga kama upinde wa mvua. Katikati ya rangi akaona mikanda minne myeusi. Akatazama na hamira, hamira ya kawaida, akaikuta mikanda ile ile. Akaitikisa chupa ya hamira ili hewa iingie: mikanda ikapotea. Akaiacha itulie kidogo, hamira ikamaliza oksijeni iliyomo: mikanda ikarudi. Atikise, ipotee, aache, irudi. Ile mikanda ni protini za kwenye mstari zikiwa zimeshika elektroni. Hewa ikiingia zinakabidhi, mikanda inafutika. Halafu akaweka sianidi. Akatikisa, mikanda ikabaki pale pale. Hewa ipo, na makarai hayapokelewi. Nikifikiria mtu ameliona hilo ndani ya chupa ya hamira, bila kompyuta, miaka mia iliyopita, bado nasisimka.

Habari ya protoni kurundikwa upande mmoja ilisemwa na Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961, wenzake wakambeza sana. Baadaye aliendelea na utafiti kwenye maabara aliyoianzisha mwenyewe katika nyumba ya zamani huko Cornwall, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Mtambo wenyewe, Wajapani mwaka 1997 waligandisha uzi wa protini unaong'aa kwenye mhimili wake, wakaweka chini ya darubini, wakauona uzi unazunguka kama panga la feni.

Sasa na mimi nikuulize. Kwenye tangi lako, dhahabu inayeyushwa na nini?

Kijana wa Marudio amejibu:

Na sianidi, Mwalimu. Hilo hata usingizini najibu.

Bi Mwalimu Mstaafu amejibu:

Nusu ya alama. Chukua sianidi safi na maji yasiyo na hewa kabisa, tumbukiza dhahabu, kaa hapo hadi Krismasi. Haiyeyuki. Mjerumani mmoja, Elsner, aliliandika hilo mwaka 1846, zaidi ya miaka 40 kabla MacArthur na kina Forrest hawajaifanya sianidi kuwa biashara ya dhahabu kutoka Glasgow mwaka 1887. Lazima pawe na oksijeni. Na oksijeni inafanya nini pale? Inapokea elektroni kutoka kwenye dhahabu. Dhahabu ikishanyang'anywa elektroni haina tena ubishi, sianidi inaishika na kuondoka nayo majini. Migodi mikubwa inapuliza hewa au oksijeni kwenye matangi yake kwa sababu hiyo. Ninyi maji yanapozungushwa na kumwagika juu ya marudio yanaokota hewa njiani.

Kwa hiyo wewe, kijana, unaitazama kazi ya oksijeni kila siku. Ndani ya tangi inapokea elektroni za dhahabu, ndani yako inapokea elektroni za ugali. Na sianidi kote kule inatafuta metali ya kushikana nayo. Tangini imepata dhahabu, kwa mbuzi ikapata chuma.

Chokaa unayomwaga nayo ni sehemu ya hadithi. pH ikiwa juu ya 10 sianidi inabaki majini. Ikishuka inaungana na haidrojeni, inakuwa gesi, inapanda. Tumboni mwa mbuzi hakuna wa kumwaga chokaa, ikageuka mle mle, na ikiwa hivyo inapenya kuta za seli kama hazipo.

Mchumi wa Nyegezi amejibu:

Mwalimu nimefuta petroli yangu. Ila nina ubishi mmoja. Hizo chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, si ndizo zenye oksijeni nyingi kuliko wote? Basi zenyewe zitakuwa na nguvu balaa.

Bi Mwalimu Mstaafu amejibu:

Hazina mitokondria hata moja. Zilitupa zilipokuwa zinakomaa. Zinaishi kwa ATP mbili mbili za kule kwenye ute, glukosi tu, kwa muda wa kama siku 120. Oksijeni zinayobeba haziitumii kwa nishati hata chembe.

Kijana wa Marudio amejibu:

Kumbe nazo ni vibarua. Zinashinda na dhahabu mkononi, kuila haziruhusiwi.

Mwalimu, leo nilimweleza msimamizi habari ya oksijeni na dhahabu. Akaniuliza nimeanza lini kusoma. Ile sehemu ya bomba iliyopasuka imefungwa mpira wa tairi, nimeipiga picha na kumwonyesha, kasema wiki ijayo italetwa mpya. Kwa sasa mimi na mwenzangu tumezungushia miiba upande ule wanaopitia mbuzi. Yule mzee wa kisu amekuja tena leo kuuliza kama kuna mwingine aliyekufa. Nimemkalisha nikamweleza habari ya karai kuanzia mwanzo. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza na maini nayo hayaliki?

pH saa kumi usiku ilikuwa 10.6. Mchumi, gramu tutaongea inbox.